Uliza Anti: Umeitwa chuo, na kitanda je?

Mwezi huu niliomba maswali ya mapishi, nikaletewa ya nyumba. Sawa tu. Vyuo vinafungua, watu wanazunguka Nairobi na mabegi, mapishi tutarudia mwezi ujao. Barua zingine nimezikata kidogo manake mwenyewe aliandika hadi jina la paka wa jirani.

*

Anti, mimi natoka Busia, nimeitwa chuo hapo Nairobi na nilifurahi sana hadi siku ya kubuku hosteli. Walisema potali inafunguliwa saa sita usiku, nikanunua bando nikakesha, ikifunguliwa inazunguka tu, inazunguka tu, kuja kuingia saa sita na robo vyumba vyote vimeisha. Sasa kuna mtu kwa grupu ya wasapu ya mafresha anasema ako na chumba, niongeze elfu tano juu ya bei ya chuo aniachie. Ananiambia niharakishe, wengine wanangoja. Nimtumie?
Fresha mwenye haraka

Usitume hata shilingi, mwanangu. Acha nikueleze venye hiyo biashara inaenda usije ukadhani nakutisha bure. Kuna komredi wa mwaka wa tatu ama wa nne ambaye hosteli haitaji, pengine anakaa kwao Umoja ama ashapanga nje, lakini akaunti yake ya potali bado inafanya kazi, basi anabuku kitanda kwa jina lake, analipa ile bei ya chuo, alafu anakuuzia wewe kwa bei yake. Na huyo ndio broka wa heri, manake kitanda ako nacho kweli. Yule mwingine ako na picha ya chumba na namba ya simu peke yake, na hicho chumba ashakiuza kwa watu sita kabla yako, wote mtakutana mlangoni siku ya kuripoti kila mtu na godoro yake kichwani. Hata ukimpata huyo wa kwanza bado uko pabaya, kitanda kiko kwa jina la mtu mwingine, siku msimamizi wa hosteli akipita usiku na karatasi ya majina unatolewa nje, na utamshtaki nani na wewe mwenyewe ulikuwa unavunja sheria ya hosteli?

Fanya hivi. Siku ya kuripoti fika mapema na uende ofisi ya makao mwenyewe, kwa miguu yako, na barua yako mkononi. Kila mwaka kuna watu wanabuku na hawaji, wengine wamehamia chuo kingine kupitia KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, wengine hawajalipa kwa wakati na mfumo ukawatoa, na hivyo vitanda vinarudi polepole baada ya watu kuripoti, bila tangazo lolote. Anayevipata ni yule ambaye watu wa ofisi washachoka kumwona. Kama uko na ulemavu ama ugonjwa unaohitaji uwe karibu, sema, na upeleke barua ya daktari, usione haya, hilo fungu huwa linaangaliwa kivyake. Wakati unangoja, kama una mtu wa kwenu hapa mjini akuhifadhi wiki mbili, kaa kwake, usikimbie kulipia nyumba ya nje semista nzima.

Na usijilaumu eti ulichelewa kubonyeza, hizo dakika kumi na tano hazikuwa shida yako. Zamani enzi za JAB, ile bodi iliyokuwa inaita watu vyuoni, idadi ya watoto waliokuwa wanaitwa vyuo vya umma ilikuwa inafuata vitanda. Wanahesabu vitanda, wanakata maksi hapo, aliye chini abaki. Ndio maana mtu alikuwa anamaliza fomu foo anakaa nyumbani karibu miaka miwili akingoja, na mwenye C+ wengi hawakuitwa kabisa, unless babake alikuwa na pesa za kumlipia ile ya kujifadhili, ambayo University of Nairobi walianza 1998. Baadaye watu wakapiga kelele, kwa haki kabisa, 2011 ikaja ile ya kuita miaka miwili kwa mpigo ili kumaliza foleni, sheria mpya ya vyuo ya 2012 ikaondoa JAB ikaleta KUCCPS, na kuanzia kwa watahiniwa wa 2016 kila mwenye C+ akawa na nafasi yake. Mwaka huo wa 2016 waliopata C+ kwenda juu walikuwa kama 89,000. Mwaka wa 2024 walikuwa zaidi ya 246,000. Hiyo ni karibu mara tatu ndani ya miaka minane. Sasa niambie, ni chuo gani hapa Nairobi umeona kimeongeza vitanda mara tatu?

Mimi sisemi turudi kwa JAB. Ile ilikuwa inafungia watoto wa maskini nje na kuita huo mpango. Lakini ukishatoa kitanda kwa hesabu ya kuita watu, lazima useme basi watalala wapi, na hiyo sehemu iliachwa hivyo hivyo, ikaokotwa na wenye ploti. Barua yako ya kuitwa isome tena vizuri, utaona imekuahidi masomo. Kitanda haikutaja, ama imesema kitatolewa kwa wanaowahi. Kwa hivyo hii shida si ya potali, hata wakileta potali inayoenda kama ndege bado kitanda kimoja kitagombaniwa na watu wengi.

*

Anti, rumeti wangu amepirate boyfriend yake kwa chumba chetu wiki ya tatu sasa. Tulikuwa wawili, tukakuwa watatu, juzi akaja na binamu. Nifanye nini?
Nimechoka, Kampasi

Kwa wazazi wanaosoma na hawajui, kupirate ni kumweka mtu kwa chumba cha chuo bila jina lake kuwa kwa orodha. Wengi wanaofanya hivyo ni shida tu, mtu hajapata kitanda anahurumiwa na mtu wa kwao, usiku godoro linavutwa kutoka chini ya dabo deka, linatandikwa hapo katikati, koili ya kupikia inasukumwa kwa ukuta, na ukitaka kwenda choo unaruka vichwa. Hiyo ya binamu naweza kuielewa. Ya boyfriend hapana, huyo ana kwao.

Ongea na rumeti wako mara moja, mchana, mkiwa wawili, umpe siku. Ikipita nenda kwa msimamizi uombe kuhamishwa, si lazima uchongee mtu, omba tu chumba kingine. Na hiyo koili muizime mkitoka, tafadhali.

*

Habari Anti. Mimi ni mama, nauza mitumba hapa Wote. Msichana wangu anaingia chuo Nairobi, hosteli ya chuo amekosa. Anataka nimlipie hizi hosteli mpya za kibinafsi, anasema wenzake wote wako huko, kuna jimu na waifai. Mimi naona ni afadhali bedsita ama hata singo. Ananiambia sielewi mambo ya Nairobi. Nisaidie.
Mama wa Wote

Mama, asante kwa barua. Nairobi unaielewa vizuri sana, wewe unajua bei ya kitu na hiyo inatosha.

Tuanze na pesa za Helb, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi. Kwa huu mfumo wa ufadhili wa 2023, pesa za matumizi ziko kati ya 40,000 na 60,000 kwa mwaka kulingana na bendi, yaani kundi la uhitaji, mtoto amewekwa. Gawanya kwa semista mbili za miezi minne minne, unapata 5,000 hadi 7,500 kwa mwezi. Hapo bado hajala, hajapanda matatu, hajafotokopi kitu. Sasa bedsita ya maana Wendani ama Roysambu inaanzia kama elfu nane na kupanda, singo ya choo cha nje Githurai unaweza pata elfu nne, tano. Yaani hiyo Helb yote ikienda kwa nyumba bado bedsita haijalipwa. Hii hesabu mfanyie yeye mwenyewe, kwa karatasi, mkiwa mmeketi, usimfanyie kwa simu atakata.

Lakini nimtetee kidogo. Hizi hosteli mpya, kina Qwetu na ndugu yake mdogo Qejani ambayo bei imeshuka kidogo, bei yake inashtua ukiiona mara ya kwanza, ila ndani kuna kitanda, godoro, meza, maji, waifai na askari wa mlangoni. Bedsita ni kuta. Siku ya kwanza mtoto anafungua mlango anakuta hata balbu hakuna, aliyehama ameenda nayo, na kichwa cha shawa pia ameenda nacho, imebaki bomba inachungulia. Hapo anza kununua: balbu, kitanda, godoro, gesi ya kilo sita, pazia, kufuli, ndoo, tokeni za stima, na depositi ya mwezi mmoja, saa zingine na depositi ya maji na ya stima juu. Kwa semista ya kwanza bedsita inaweza karibiana kabisa na hosteli, faida yake unaiona mwaka wa pili.

Kwa hivyo mimi ningekuwa wewe ningetafuta bedsita ya watu wawili. Amtafute msichana mwenzake wa kozi moja, si wa kuokotwa kwa grupu, wagawane kodi na vyombo. Na kabla hujalipa popote uliza kitu kimoja ambacho wazazi husahau: likizo ndefu unalipia ama hulipii? Kuna mahali ukitoka Mei unakuta Septemba chumba kimepewa mtu mwingine, na kuna mahali unalipia miezi yote hiyo mlango ukiwa umefungwa, hizo ni pesa za karibu semista nzima ya chakula. Hosteli za kibinafsi zingine zinauza kwa semista, zingine kwa mwaka, ulizia. Na ulipe kwa peibili yenye jina la hiyo hosteli ama la mwenye nyumba, si kwa namba ya kijana aliyewatembeza. Huyo ajenti wa kuwatembeza Nairobi siku hizi anaitisha pesa ya kuona nyumba hata kabla hamjaona, mkatae, zungukeni wenyewe muulize makeateka, mabango ya nyumba wazi yamejaa kwa mageti.

Jimu aende akikimbia asubuhi.

*

Anti, chuo chetu kilizindua ujenzi wa hosteli nikiwa mwaka wa kwanza, mkubwa akaja, akaweka jiwe, tukapigwa picha. Sasa niko mwaka wa tatu na pale kuna mabati na bango tu, hata nguzo zimeota nyasi. Pesa zilienda wapi? Na kwa nini hizi hosteli za watu binafsi zinaisha kwa mwaka na zetu haziishi?
Komredi wa mabati

Komredi, pesa pengine hazikwenda mahali, pengine hazikuja kabisa. Watu wakiona jiwe la msingi wanadhani pesa iko benki. Jengo la chuo cha umma likijengwa na serikali, pesa inatoka Hazina kipande kwa kipande, mwaka huu wa fedha unapewa, ujao unakatwa, kontrakta akikaa miezi bila kulipwa anatoa mashini zake anaenda kwingine, na kurudi kwake ni bei mpya. Vyuo vyenyewe vina madeni ya mabilioni, mishahara inachelewa, makato ya wafanyakazi hayapelekwi, basi ukimwambia mkuu wa chuo ajenge hosteli kwa pesa zake atakuangalia tu.

Kuna njia ya pili, ile ya chuo kutoa ardhi na mwekezaji kujenga, akusanye kodi miaka na mikaka, alafu aache jengo kwa chuo. Kwa karatasi inapendeza sana. Kenyatta University walisaini mkataba wa aina hiyo 2015, vitanda vya wanafunzi kama 10,000, na haukufika mwisho. Ugumu wake ni huu: mwekezaji anataka uhakika kwamba vitanda vitajaa na bei itapanda, chuo kinaogopa kuahidi, na komredi akisikia bei ya kitanda inapanda anaingia barabarani. Wote watatu wako na sababu.

Sasa za kibinafsi. Wale Acorn wanaojenga Qwetu na Qejani walienda sokoni 2019 wakakopa shilingi bilioni 4.3 kwa watu, kwa bondi, yaani hati ya deni, ile ya kwanza Kenya ya kijani, ya majengo yanayotunza mazingira, ikaorodheshwa kwa soko la hisa la Nairobi na la London Januari 2020. Riba yake ilikuwa asilimia 12.25. Weka hiyo namba kichwani. Aliyekopa kwa riba hiyo hawezi ngoja bajeti ya Juni, kila mwezi jengo likikaa bila wanafunzi anapoteza, ndio maana fundi wake analala saiti na jengo linaisha. Na ndio maana pia kodi yake haiwezi kuwa ile ya chuo, manake wenye pesa lazima walipwe kutoka kwa hivyo vyumba. Jengo linaisha haraka kwa sababu wewe ndio unalilipia.

Kitanda cha chuo ni rahisi kwa sababu nyumba ilijengwa zamani na pesa ya umma, deni lake halipo tena, unalipia maji, stima na kufagia. Ukitaka kingine kipya cha bei hiyo hiyo lazima mlipa kodi ajenge tena, hakuna njia ya mkato hapo, na yeyote anayekuambia hosteli mpya itajilipia yenyewe na bei itabaki ya chini, muulize ile riba nani atalipa. Serikali imesema mpango wa nyumba za bei nafuu utajenga na mabweni ya wanafunzi, ile pesa ya asilimia 1.5 inayokatwa kwa payslipi ya mzazi wako. Mimi siwezi kataa, kama tunakatwa basi acha ijenge na kitanda cha mtoto. Ninachotaka kujua mapema ni bei kwa semista, waiandike kabla ya kuweka jiwe.

Wewe nenda usome hilo bango, lisome lote. Saiti yoyote halali inafaa kuwa na bango lenye jina la mwenye mradi, kontrakta, msanifu, injinia, na namba ya usajili ya NCA, ile mamlaka ya ujenzi. Mkiwa na hizo namba viongozi wenu wa wanafunzi wanaweza andikia chuo barua ya kuuliza mradi umefika wapi, kontrakta amelipwa kiasi gani na imebaki kiasi gani. Haki ya kupata habari iko kwa katiba, kifungu cha 35, na sheria yake ya 2016 inampa ofisa wa umma siku 21 kujibu. Mawe mkirusha mtafungiwa wiki tatu muende nyumbani, barua haifungi chuo.

*

Anti, niko na ploti ya ghorofa nne Kahawa, ilikuwa ya familia. Nimeona pesa iko kwa wanafunzi, nataka kugawa kila nyumba kwa plaiwudi nipate vyumba vingi. Hawa watoto wanapiga kelele lakini wanalipa. Kuna shida?
Mzee wa ploti

Shida iko, mzee wangu, na inaanzia kwa hiyo plaiwudi.

Aprili 2015, kampasi ya Kikuyu ya University of Nairobi, stima ililipuka kabla ya alfajiri. Zilikuwa zimepita siku kumi tu tangu shambulizi la magaidi kwa chuo kikuu cha Garissa, watoto wakasikia mlipuko wakajua wamevamiwa, wakaanza kuruka kutoka ghorofani. Mmoja akafa, zaidi ya mia wakaumia. Hakukuwa na mshambuliaji yeyote. Mwaka uliofuata Huruma jengo likaanguka usiku wa mvua, karibu watu 50 wakafa, jengo lenyewe lilikuwa lishasemwa libomolewe. Sasa wewe ngazi ngapi ziko kwa hiyo ploti? Najua ni moja, nyembamba, na geti la chuma chini linafungwa saa nne usiku na ufunguo ako nao keateka. Madirisha yana grili. Nyumba ya watu wanne umeifanya ya watu kumi na wawili, nyaya za stima ni zile zile, na kila mtoto ako na koili. Plaiwudi ikishika moto watapitia wapi?

Ukitaka kufanya hosteli, fanya hosteli. Weka ukuta wa kweli, ngazi ya pili hata kama ni ya chuma kwa nje, grili moja kwa kila chumba iwe ya kufunguka kutoka ndani, ufunguo wa geti uwe na mtu anayelala hapo hapo chini, vizima moto, na fundi wa stima mwenye leseni apime nyaya. Nenda kaunti ubadilishe matumizi ya jengo, na uangalie ni kaunti gani, manake Kahawa West ni Nairobi lakini Wendani na Sukari ziko Kiambu, watu wamezunguka City Hall wiki nzima na ploti iko Wendani. Utapata vyumba vichache kuliko ulivyopanga. Ndio hivyo.

Na hiyo ya "wanapiga kelele lakini wanalipa" nimeiona. Wapimie tanki ya maji ya kutosha kwanza, kelele nyingi inatoka hapo.

*

Anti, nilichelewa kodi wiki mbili kwa sababu Helb haikuwa imeingia. Nimerudi klasi nikakuta kufuli ya keateka juu ya yangu, vitabu na laptopu ziko ndani, CAT, ule mtihani mdogo wa klasi, ni Alhamisi. Na nikihama hawataki kurudisha depositi, wanasema wametumia kupaka rangi.
Nje ya mlango

Kufuli ni makosa, hata kama uko na deni. Mali ya mpangaji ikikamatwa kwa ajili ya kodi, sheria, ile Sura ya 293, imeweka njia yake, na kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni, keateka hana hiyo nguvu. Leo usivunje kufuli, utageuzwa wewe mwizi. Nenda na mtu mmoja mkubwa, kiongozi wa wanafunzi ama jamaa wako, mpigie mwenye nyumba mwenyewe, keateka muache, mwambie tarehe ya Helb na uombe uandike mkataba wa kulipa kwa awamu. Wengi hufungua hapo. Akikataa nenda kwa chifu wa hapo kabla ya polisi, chifu ako karibu na anawajua wenye ploti wote kwa majina.

Depositi ni kesi nyingine. Watu watakutuma kwa lile baraza la kodi za nyumba, lakini sheria yake inahusu nyumba ambazo kodi haizidi 2,500, na sijui Nairobi ya sahii hiyo nyumba iko wapi. Enda Mahakama ya Madai Madogo, ilianza Milimani 2021, inasikiza madai yasiyozidi milioni moja, huhitaji wakili na sheria inataka iishe ndani ya siku 60. Beba meseji za M-Pesa, mkataba kama ulipewa, na picha za chumba siku uliyoingia na siku uliyotoka. Rangi ya kawaida baada ya mtu kukaa mwaka si hasara yako, hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, ila kama uliandika jina la mpenzi wako kwa ukuta na maka, hapo lipa.

CAT ya Alhamisi mwambie mwalimu leo, si Ijumaa.

*

Anti, nasoma TUK, yaani Technical University of Kenya, pale Haile Selassie. Nyumba Ngara ni ghali, rafiki yangu anakaa Kikuyu anasema nyumba ni nafuu na treni inamshusha mjini. Nihamie huko?
Wa Ngara kwa sasa

Inategemea ratiba yako, si kodi. Stesheni ya reli iko karibu kabisa na chuo chenu, kwa hiyo asubuhi umeshuka umefika, na treni haina foleni ya Waiyaki Way. Lakini hizi treni za abiria zinaingia mjini asubuhi na kutoka jioni, hapo katikati hakuna. Ukimaliza klasi saa nane mchana utangoja hadi jioni ama utapanda matatu, na matatu mvua ikinyesha bei ni ya kondakta. Ukiwa na klasi inaisha saa mbili usiku treni ishaenda, na kutoka steji Kikuyu hadi kwa nyumba usiku ni kutembea, ulizia rafiki yako anatembea na nani.

Chukua ratiba ya semista hii, weka pembeni ya ya treni, hesabu ni siku ngapi kwa wiki itakubeba kwenda na kurudi. Zikiwa nne ama tano, hamia. Zikiwa mbili, baki Ngara utafute rumeti, na kama kuna chumba ghorofa ya juu kabisa uliza bei yake, huwa wanapunguza manake maji hayafiki vizuri.